Nta ya Sikio na Jinsi ya Kuitoa Bila Madhara

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za jambo dogo ambalo watu wengi hulidharau, nalo ni nta ya sikio. Wengi huiita taka ya sikio, na labda jina hilo ndilo lililoleta upotevu, maana mtu akiambiwa kuwa kitu ni taka, hana raha mpaka akitoe. Basi huchukua njiti ya kiberiti, au unyoya wa kuku, au pini, au ncha ya ufunguo, akaketi kivulini na kuchokonoa sikio huku amefumba macho kwa utamu wake. Twawaomba mtusikilize kidogo, kwa kuwa ndani ya utamu huo imo hatari.

Kwanza na tulitazame sikio lenyewe. Tundu lile tulionalo kwa nje huingia ndani kama mfereji, na urefu wake kwa mtu mzima ni kadiri ya sentimita 2 na nusu tu. Mwisho wa mfereji huo pana kiwambo chembamba, mfano wa ngozi iliyowambwa juu ya ngoma. Sauti ikiingia hukipiga kiwambo hicho nacho hutikisika, na mtikisiko wake hupokewa na vifupa vitatu vidogo, vikaupeleka ndani zaidi, ambako hugeuzwa kuwa habari ipelekwayo ubongoni. Mfereji ukizibwa, au kiwambo kikitoboka, sauti haifiki vema.

Sasa nta yatoka wapi? Hutengenezwa na tezi ndogondogo zilizo katika sehemu ya nje ya mfereji, penye vinyweleo. Ndani karibu na kiwambo haitengenezwi kabisa. Kazi yake ni njema. Hulainisha ngozi isikauke na kuwasha, huzuia maji yasiilowanishe, hunasa vumbi na vidudu, tena hupunguza nguvu za vijidudu viletavyo maradhi. Na ngozi ya mfereji huo ina desturi ya ajabu: haikai mahali pamoja, bali husogea polepole kutoka ndani kwenda nje, kama vile ukucha unavyokua, ikiichukua nta pamoja nayo. Tutafunapo chakula na tunaposema, taya letu husaidia kuisukuma. Hatimaye nta hukauka na kuanguka yenyewe, au huifuta kwa kitambaa tunapooga. Kwa hiyo sikio lina mfagizi wake, wala halikuhitaji mwingine.

Mtu achokonoaye huifanya kazi ile kinyume. Kijiti chake hutoa nta kidogo tu iliyoshika kwenye ncha, na mwenyewe akiiona hufurahi. Lakini ile iliyosalia ameishindilia ndani, kama mtu ashindiliaye baruti katika gobori, mpaka ikafika penye kiwambo. Huko haina njia ya kutoka. Hata vile vijiti vyenye pamba nchani, vilivyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1923, hufanya vivyo hivyo vikitiwa ndani ya mfereji. Zaidi ya hayo, kijiti huweza kuikwaruza ngozi, na penye mkwaruzo huingia uchafu, pakafanya usaha. Na mtoto akimpamia mwenye kijiti sikioni, au mtu akimgusa mkono kwa ghafula, kiwambo huweza kutobolewa mara moja. Wazee walisema, mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Pamoja na hayo twakiri kwamba nta huweza kuziba hata kwa mtu asiyechokonoa. Wazee hupatwa zaidi, kwa sababu nta yao hukauka na kuwa ngumu. Kadhalika watu wenye mfereji mwembamba au wenye vinyweleo vingi, na wale wanaotumia vyombo vya kusaidia kusikia. Dalili zake ni hizi: sikio kuwa kama limejaa, kusikia kwa shida, kusikia uvumi, na pengine kizunguzungu kidogo au kikohozi. Mara nyingi mtu huyazindua hayo baada ya kuoga au kuogelea, maana nta ikilowana huvimba na kuliziba tundu lote.

Hapa twataka kusema neno kwa wazazi na walimu. Mtoto akiitwa mara mbili asiitike, twamwita mtukutu. Akiandika neno lisilo lile mwalimu alilotamka, twamwita mvivu, na pengine hupigwa. Kumbe huenda masikio yake yamezibwa, na kosa alilopigiwa si kosa lake. Vivyo hivyo babu akiambiwa jambo akajibu jingine, vijana humcheka na kunong'onezana kwamba akili zimepungua. Kabla ya kumhukumu mtu wa namna hiyo, mtoto kwa mzee, yafaa masikio yake yatazamwe kwanza na mganga wa hospitali. Mwalimu naye atafanya vema akimketisha mtoto huyo mbele darasani mpaka habari yake ijulikane.

Basi, mtu mzima akihisi sikio limezibwa, afanyeje nyumbani? Kwanza ajiulize maswali haya. Je, sikio lauma sana? Latoa usaha au damu? Ana homa? Amewahi kuambiwa kuwa kiwambo chake kimetoboka, au amepata kupasuliwa sikio? Akijibu ndiyo hata kwa swali moja, asitie kitu chochote, bali aende hospitali. Watoto wachanga nao wasitiwe kitu bila shauri la mganga.

Tena liko jaribio jepesi. Fumba midomo, uvume kwa pua, "mmm." Sauti ikisikika kwa nguvu zaidi katika sikio lile lililozibwa, yamkini kizuizi kiko njiani, kama cha nta. Lakini ikiwa uziwi umekuja kwa ghafula, na uvumi wasikika zaidi katika sikio zima, usiketi nyumbani ukitia mafuta. Nenda hospitali siku ile ile, kwa kuwa huenda ugonjwa uko ndani kabisa, na dawa yake yahitaji kuwahiwa.

Kama hakuna dalili hizo, fuata njia hii. Pata mafuta safi ya zeituni katika duka la dawa, pamoja na kichupa chenye mpira wa kudondoshea. Mafuta ya lozi nayo yafaa, ila kwa mtu anayedhurika kwa kula lozi au njugu. Usiyatie motoni hata kidogo. Kishike kichupa katika kiganja mpaka kipate joto la mwili, na ulijaribu tone moja juu ya kifundo cha mkono. Lala ubavu, sikio bovu likiwa juu. Livute sikio kidogo kuelekea juu na nyuma ili mfereji unyoke, kisha udondoshe matone 2 au 3. Kaa hivyo kwa muda wa dakika 5 au 10, ndipo uinuke na kuyafuta yatokayo nje. Fanya hivyo mara 3 au 4 kwa siku, kwa muda wa siku 3 hata 5.

Wala usiharakishe. Mafuta hayaitoi nta saa ile ile. Huilainisha tu, na sikio lenyewe huitoa polepole, hasa usiku mtu alalapo. Huenda siku za kwanza ukasikia kwa shida zaidi, kwa kuwa nta imevimba. Yapata majuma 2 huweza kupita kabla njia haijafunguka. Likiuma au likiwasha, acha mara moja. Na usitie mafuta yaliyokwisha kukaangia, wala mafuta ya taa, wala maji ya majani yasiyojulikana. Na ile mishumaa ya masikio ambayo watu husema yaifyonza nta, haifyonzi kitu; majivu yake na nta yake ya moto vimewaunguza watu.

Majuma 2 yakipita bila nafuu, nenda hospitali. Huko mganga atatazama kwa taa yake, na akiona yafaa ataiosha nta kwa maji ya bomba maalum, au ataitoa kwa chombo chembamba huku akiiona kwa macho yake. Maji hayo hupashwa mpaka yawe na joto la mwili, na sababu yake ni habari ya kupendeza. Katika mji wa Vienna alikuwako daktari jina lake Robert Bárány. Aliona kwamba wagonjwa aliowaosha masikio kwa maji ya baridi walipata kizunguzungu na macho yao yalichezacheza. Alipotumia maji ya moto, macho yalicheza kwa upande wa pili. Kwa kulifuatia jambo hilo alijifunza jinsi sikio linavyousaidia mwili kusimama bila kuyumba, akapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914. Basi, mtu ajioshaye kwa maji ya mtungini huweza kuanguka papo hapo.

Twaongeza neno moja la mwisho juu ya vitu vingine viingiavyo sikioni. Mdudu akiingia naye yu hai, na kiwambo ni kizima, matone ya mafuta humwua. Kisha umwendee mganga amtoe. Punje ya mahindi au haragwe usiitie maji, maana huvimba. Betri ndogo ya mviringo ya saa ni hatari kuliko zote, huunguza nyama kwa muda wa saa chache. Mpeleke mtoto hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Basi tukumbuke haya: tusafishe sikio la nje tu kwa kitambaa chenye maji, tuache la ndani lijisafishe, na tuziache njiti za kiberiti kuwashia moto. Wazee wetu walisema kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Neno hilo ni kweli, lakini tusiliue sisi wenyewe kwa mikono yetu sikio lililokuwa zima.