Unataka kulala na mzigo wako kwenye tela? Fanya haya kabla ya kununua godoro



Leo naongea na nyie mnaopost bidhaa WhatsApp na Instagram wiki nzima, halafu mnawafuata wateja kwenye magulio ya Kimamba, Rudewa na Dumila, au mnapita Mikumi mpaka Kidodi na Ruaha. Gesti unalipa, stoo ya mzigo unalipa, boda ya alfajiri unalipa. Faida inaishia njiani. Ndiyo maana swali hili linarudi kila mara: nikipata tela kuukuu nikatengeneza chumba ndani, inalipa?

Wazo lenyewe sio geni. Marekani na Ulaya, watu wanaopeleka farasi kwenye mashindano wanafanya hivyo: nyuma farasi, mbele kitanda na kijiko kidogo cha kupikia. Wengi wananunua tela la kawaida na kujenga chumba wenyewe. Kwetu farasi ni adimu, mbung'o wa mapori kama ya Mikumi hawamwachi salama. Ila tela la kubebea ng'ombe na mbuzi tunalijua, na mgawanyo ni uleule: nyuma mzigo, mbele wewe.

Sasa sikiliza vizuri. Tela lilijengwa kubeba mzigo, sio mtu anayelala. Mlango wake unafungwa kwa nje. Hewa ni ya kubahatisha. Ukiweka godoro bila kubadilisha hayo mawili, hujatengeneza chumba, umetengeneza mtego.

1. Piga hesabu kwanza
Mfano tu: gesti 15,000 kwa usiku, unalala nje siku 8 kwa mwezi. Hiyo ni 120,000. Kama tela na matengenezo yatakula 2,000,000, pesa yako inarudi baada ya miezi 17 hivi. Ukilala nje siku 3 tu kwa mwezi, inakuwa zaidi ya miaka 3 na nusu. Hapo bora uendelee na gesti. Weka namba zako mwenyewe, usitumie za jirani.

2. Ng'oa sakafu
Mkojo wa mifugo unaozesha mbao na kula chuma. Juu utaona pazuri, chini pameisha. Ng'oa mbao zote, gonga vyuma kwa nyundo, penye kutu nzito fundi wa kuchomelea akate aweke kipya. Osha, anika juani, paka rangi ya kuzuia kutu ndiyo urudishe mbao. Angalia pia ekseli, matairi na ile shingo ya kuunganishia gari.

3. Mlango ufunguke kutoka ndani
Hili halina mjadala. Komeo la nje tu maana yake mtu yeyote anaweza kukufungia. Weka komeo la ndani, na uwe na njia ya pili ya kutokea: dirisha la upande mwingine, sentimita 60 kwa 60 au zaidi, lisilo na nondo za kudumu. Jaribu kutoka usiku, taa imezimwa.

4. Hewa, joto na moto
Kilosa joto mnalijua, na bati linaiva. Paka paa rangi nyeupe, weka madirisha pande mbili yanayotazamana, yenye wavu wa mbu. Acha matundu ya hewa juu na chini yasiyozibwa hata kwenye baridi.

Jiko la mkaa lisiingie ndani, hata kama limebaki majivu ya moto. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi: haina harufu, haionekani, na inaua mtu akiwa usingizini. Mtungi wa gesi nao ubaki nje, maana gesi ikivuja inashuka na kujikusanya sakafuni. Pika nje, kula, lala.

5. Panga uzito
Mzigo wa karibu asilimia 60 ukae mbele ya ekseli. Ukijaza nyuma, tela linayumba, na kwenye miteremko ya Iyovi linaweza kuvuta gari. Kumbuka lita 20 za maji ni kilo 20. Kitanda, mbao na betri pia ni uzito, hivyo mzigo wa biashara lazima upungue.

6. Umeme mdogo unatosha
Taa ya wati 5 kwa saa 5, simu mbili, na feni ndogo ya wati 15 kwa saa 8: jumla haifiki wati-saa 200. Paneli ya wati 100 na betri ya volti 12, Ah 50 vinabeba hiyo. Usiku unajibu oda, asubuhi unapiga picha za mzigo kwenye mwanga mzuri.

7. Karatasi na pa kulala
Tela linasajiliwa TRA kwa namba yake. Kabla fundi hajakata chuma, waulize askari wa usalama barabarani kuhusu mabadiliko unayotaka. Gari likitembea, mtu asikae kwenye tela.

Ukifika, weka mawe kwenye matairi na jeki kwenye kona. Kilosa, kaa mbali na kingo za Mkondoa. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 hayajasahaulika. Mikumi, usipaki pembeni ya lami ndani ya hifadhi, na usilale na matunda au mahindi karibu na pori. Tembo ana pua ndefu na haombi bei.

Ukiwa na bajeti ndogo, anza na namba 2, 3 na 4. Rangi, pazia na godoro zuri vitafuata. Mteja anaweza kusubiri mzigo siku moja. Nyumbani wanakusubiri wewe.

Mtumie na mwenzako anayewaza kununua tela.