Daftari la Waganga na Watu Wanaolitunza

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka ayajua maneno hayo, na mkulima wa kahawa ayajua zaidi, maana asipoandikiwa kilo zake siku ya kupima, siku ya malipo hana la kusema. Lakini iko mali moja iliyo bora kuliko kahawa na ng'ombe, nayo ni afya ya watoto wetu. Je, mali hiyo ina daftari? Nani anayeliandika? Na sisi tukaao Kimwani, huku kusini mwa Wilaya ya Muleba, twaweza kusomewa yaliyomo?

Daftari liko, tena ni kubwa. Ni maandishi ya waganga na wataalamu wa dunia nzima, yaliyokusanywa katika maktaba za afya. Wanaolitunza ni watunza maktaba, ambao wengine huwaita wakutubi. Hawavai koti jeupe wala hawachomi sindano. Hata hivyo, mganga asiye na msaada wao ni kama mvuvi wa dagaa aliyetoka usiku bila taa. Yafaa tuijue kazi yao, maana Muleba yetu imo katika daftari hilo. Tutazame habari mbili tu.

KICHEKO CHA MWAKA 1962

Wazee wengi wa Bukoba na Muleba wamesikia habari za ugonjwa wa kucheka. Tarehe 30 Januari, 1962, wasichana watatu wa shule ya misioni ya bweni huko Kashasha walianza kucheka bila kujizuia. Wengine wakafuata, hata wakafika 95 kati ya wanafunzi 159. Shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Wasichana waliporudi kwao, jambo hilo likatokea Nshamba pia, na watu 217 wakapatwa nalo, wengi wao wakiwa vijana na watoto wa shule.

Leo ukiwauliza watu wa nchi za mbali, watakuambia kwamba huko Tanganyika watu walicheka mwaka mzima bila kupumzika, na wengine watasema walikufa kwa kicheko. Habari hiyo imepita kinywa hata kinywa, na sasa yapita simu hata simu, kila mmoja akiongeza chumvi yake.

Lakini waganga wawili, Rankin wa Makerere na Philip aliyekuwa mganga wa Wilaya ya Bukoba, waliandika waliyoyachunguza, na maandishi yao yalichapwa mwaka 1963 katika jarida la waganga la Afrika ya Kati. Anayeyasoma aona jambo lingine kabisa. Hakuna aliyekufa. Mtu alishikwa kwa saa chache, au kwa siku chache, na waliokawia sana walifika siku 16. Hawakucheka tu, walilia pia, walikimbia huku na huku, na waliogopa. Damu ilipimwa, na chakula kikachunguzwa, wala sumu haikuonekana. Waganga wakaona kwamba ni hofu na dhiki ya moyo, ambayo yaweza kupita kutoka mtoto hata mtoto mahali wanapobanwa pamoja.

Je, si vizuri kuujua ukweli huo? Wasichana wale hawakuwa wendawazimu, wala hawakurogwa. Walikuwa watoto wenye mzigo moyoni. Mwalimu au mzazi ajuaye hivyo hatapiga mtoto wala hatamtafuta mchawi, bali atamtuliza. Na sisi twaujua ukweli huo kwa sababu mtu fulani aliliweka jarida lile rafuni, akaandika jina lake katika orodha, akalitunza kwa miaka zaidi ya 60.

CHANDARUA KILICHOPIMWA MULEBA

Habari ya pili yaigusa kila nyumba ya Kimwani, maana ni habari ya malaria. Miaka kumi na zaidi iliyopita, mbu wa Muleba walikuwa wamezoea dawa iliyotiwa katika vyandarua, ile iliyotengenezwa kwa kuiga pareto. Wataalamu wa Tanzania na wenzao wa London wakaamua kujaribu chandarua kipya, chenye dawa ile ile pamoja na kitu cha pili kiitwacho kwa kifupi PBO. Kitu hicho chamnyang'anya mbu kinga yake, hata dawa ya kwanza ipate kumwua.

Vijiji vya Muleba viligawanywa katika makundi 48, na vyandarua vikatolewa mwaka 2015. Kisha watoto wa kuanzia miezi 6 hata miaka 14 wakapimwa damu. Baada ya miezi 9, walioonekana na malaria ni 42 kwa kila watoto 100 mahali palipotolewa chandarua cha zamani, na 29 kwa kila 100 palipotolewa kipya. Baada ya miezi 21 walikuwa 62 na 45. Kwa ajili ya habari hiyo, Shirika la Afya Duniani lilikikubali chandarua hicho mwaka 2017, na mwaka 2018 habari yote ikachapwa katika jarida la Lancet la Uingereza. Tone la damu la mtoto wa Muleba likawafaa watoto wa nchi nyingi za Afrika.

Lakini daftari halikufungwa hapo. Ng'ambo ya ziwa, wilayani Misungwi, Mwanza, vyandarua vya namna mbalimbali vilijaribiwa tena, na habari yake ikachapwa mwaka 2022. Ikaonekana kwamba chandarua cha PBO chasaidia vizuri mwaka wa kwanza, lakini nguvu zake hupungua. Kingine, chenye dawa iitwayo klofenapiri, kilishinda: baada ya miaka miwili watoto wenye malaria walikuwa 26 hivi kwa kila 100, na palipokuwa na chandarua cha kawaida walikuwa 46. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likatoa shauri lililofuata habari hiyo.

Hapo ndipo ionekanapo kazi ya mtunza maktaba. Mganga aliyesoma mwaka 2018 akaacha kusoma, anajua kweli ya jana. Mtunza maktaba ndiye amwambiaye: Bwana mganga, liko jingine jipya, lisome kabla hujaagiza.

DAFTARI LINAVYOTUNZWA

Kazi hii ni ya zamani, na Kanisa limo ndani yake. Katika karne ya sita, huko Italia, Cassiodorus aliwaagiza wamonaki wa monasteri yake wavisome vitabu vya waganga wa kale wa Kigiriki, wapate kuwahudumia wagonjwa. Hivyo vitabu vya dawa vilitunzwa pamoja na vitabu vya sala.

Katika nyakati zilizo karibu nasi, John Shaw Billings, mganga wa jeshi la Marekani, alikabidhiwa mwaka 1865 maktaba ya ofisi ya mganga mkuu wa jeshi. Aliona kwamba kukusanya vitabu hakutoshi. Mtu aliye na mgonjwa mbele yake hana siku za kufungua kila jarida. Mwaka 1879 akaanza kutoa orodha ya maandishi mapya ya uganga, yakipangwa kwa habari zake. Orodha ile ndiyo mama wa ile iitwayo leo PubMed, ambayo tangu mwaka 1997 mtu yeyote aweza kuitafuta bure kwa intaneti. Ina habari za maandishi zaidi ya milioni 35.

Hata hivyo, kujua jina la kitabu si kukisoma. Majarida mengi huuzwa kwa bei ambayo hospitali ya shamba haiwezi. Kwa hiyo mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapaji walianzisha mpango wa Hinari, ili vyuo na hospitali za nchi zisizo tajiri wayasome bure au kwa bei ndogo. Tanzania imo katika nchi zinazopewa bure. Watunza maktaba wa Afrika nao wana umoja wao tangu mwaka 1984, uitwao AHILA, ambamo hupashana habari na kufundishana.

Kwetu Kanda ya Ziwa tuna Chuo Kikuu Katoliki cha Afya, Bugando, mjini Mwanza. Humo vijana wetu hujifunza uganga, na maktaba ni darasa lao la pili. Wakitoka huko wengine huja Rubya, Kagondo na hospitali nyingine zetu. Ikiwa walifundishwa vema kutafuta na kupima habari, hata mama wa Kimwani aliyebebwa usiku kwa pikipiki atafaidika, ingawa hajaingia maktaba maishani mwake.

SIKU MARADHI MAGENI YAINGIAPO

Tukumbuke Machi 2023, ilipotangazwa kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia katika Wilaya ya Bukoba. Watu 6 walikufa kabla haujatangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Januari 2025 ukatangazwa tena, mara hii katika Biharamulo, jirani zetu, ukaisha Machi. Wote waliotambuliwa kuwa nao, watu 10, walifariki. Mungu awarehemu.

Katika siku za namna hiyo maneno hukimbia kuliko pikipiki. Mmoja asema ni uchawi, wa pili asema ni sumu, wa tatu anauza dawa ya majani. Na huku wanaomwosha maiti na kumwuguza mgonjwa kwa mikono mitupu wanaambukizwa, maana Marburg hupita kwa damu na majimaji ya mwili wa mgonjwa. Mganga wa zahanati ahitaji ukurasa ulio sahihi siku ile ile, si mwezi ujao. Ukikawia, gharama yake ni makaburi.

YAFAAYO KUFANYWA NYUMBANI

Pengine msomaji atasema: Sisi hatujui Kiingereza, na intaneti huku yapatikana kwa shida. Ni kweli, na hilo ni deni la wakubwa. Haifai watoto wa Muleba watoe damu yao ipimwe, kisha jibu libaki katika lugha ambayo mama zao hawaisomi. Yafaa wataalamu, na watunza maktaba pamoja nao, wairudishe habari kwa Kiswahili mpaka zahanati na mpaka baraza la kijiji. Nasi tuwaombe bila haya, maana ni haki yetu.

Lakini sisi pia tuna sehemu yetu. Habari ya afya ikija kwa simu, baba na mama waulize mambo matatu. Nani amesema, na jina lake lajulikana? Alisema lini, isije ikawa habari iliyokwisha kupitwa? Aliwapima watu wangapi, au alisikia tu kwa jirani? Asiyeweza kujibu hayo asiaminiwe na uhai wa mtoto. Kisha mpelekeeni neno hilo mganga wa zahanati. Msiogope kumwuliza alikolisoma. Mganga mwema hakasiriki, na asiyejua atatafuta.

Na chandarua mlichopewa kliniki au shuleni, cha namna yoyote, kitumieni kila usiku. Kisigeuzwe wavu wa dagaa wala uzio wa kuku. Kijana apendaye vitabu naye asidharauliwe na wenziwe. Huenda Mungu amemwita kuwa mtunza maktaba wa afya, na wito huo nao ni wa kuwatumikia wagonjwa.

Mwana wa Sira alitufundisha kumheshimu mganga kwa kuwa Bwana ndiye aliyemwumba. Tumheshimu basi na yule anayemwekea mganga taa mezani. Jina lake halisikiki wodini, lakini kazi yake iko katika kila dawa iliyotolewa kwa kipimo cha haki.