Mwanga wa Raman (2): Kazi ya Fedha na Dhahabu

Wiki iliyopita tuliona jinsi C. V. Raman na K. S. Krishnan walivyogundua, huko Calcutta mwaka 1928, kwamba mwanga ukipiga molekuli, sehemu ndogo mno hutawanyika ikiwa imebadilika rangi. Mabadiliko hayo ndiyo yanayotambulisha molekuli. Tatizo ni uhaba wake: katika mamilioni ya chembe za mwanga, huenda ikabadilika moja tu.

Dawa ilipatikana bila kutarajiwa. Mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha Southampton, Martin Fleischmann na wenzake walitumbukiza elektrodi ya fedha katika maji yenye piridini, wakaikwaruza kwa umeme hadi uso wake ukajaa vinundu vidogo sana. Piridini ikaonekana waziwazi. Wakaamini kuwa uso umepanuka, hivyo umebeba molekuli nyingi zaidi.

Hesabu zilikataa. Mwaka 1977 Jeanmaire na Van Duyne nchini Marekani, na Albrecht na Creighton nchini Uingereza, walionyesha kuwa ishara imekua takriban mara laki moja au zaidi. Uso haukuwa umepanuka kiasi hicho.

Siri imo katika elektroni. Kwenye kinundu chenye upana wa makumi ya nanomita, leza ya rangi inayofaa huzisukuma elektroni huru zikayumba pamoja, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Hapo uga wa umeme kandokando ya kinundu huwa mkali. Kwa kuwa kinundu hukuza mwanga unaoingia na ule unaotoka, uga ukiongezeka mara 10, ishara huongezeka takriban mara 10,000. Ukali hupita kiasi kwenye mwanya wa nanomita moja au mbili baina ya vinundu viwili. Mwaka 1997 Nie na Emory, na pia Kneipp na wenzake, waliripoti kuiona molekuli moja moja kwa kutumia chembe za fedha.

Fedha hukuza zaidi lakini huchakaa hewani, dhahabu hudumu. Hata hivyo, molekuli iliyo nanomita chache tu kutoka usoni hukosa sehemu kubwa ya faida hiyo, na mianya hailingani, hivyo sampuli ileile hutoa ishara tofauti kila pointi. Kwa sababu hiyo, njia hii hujibu vizuri zaidi swali la “kuna nini?” kuliko “kiasi gani?” Msomaji alikumbuke hilo wiki ijayo, tutakapoipima kazi yake katika kusaka viuatilifu kwenye maganda ya matunda.