Nyumba ya Sokwe Yatima: Tuipime kwa Kipimo Gani?

Mtu ashikaye njia ya kaskazini kutoka Bukavu, akapita Kavumu na kukaribia Katana, atakuta kule Lwiro majumba makubwa ya zamani, yaliyojengwa na Wabelgiji kwa ajili ya wataalamu wa elimu ya viumbe. Chuo chao, kilichoitwa IRSAC, kilianzishwa mwaka 1947. Tangu mwaka 2002 mahali pale pana wakaaji wa namna nyingine: sokwe, ambao wengi wetu huku Kivu huwaita sokomutu, pamoja na kima wa aina mbalimbali. Hao ni yatima. Mama zao waliuawa msituni, nao wakakamatwa wangali wachanga ili wauzwe. ICCN, yaani shirika la Serikali linalotunza mbuga za wanyama, pamoja na kituo cha utafiti cha CRSN, ndio waliowafungulia mlango, na wafadhili wa nchi za nje wakatia mkono. Walianza na wachache. Baadaye hesabu ya sokwe peke yao ikapita mia moja.

Watu waonapo ndizi na viazi vikishushwa kwa ajili ya nyumba ya namna hiyo, huulizana: Je, mali hii isingefaa zaidi kwa watoto wa binadamu? Swali hili si la ujinga, wala halistahili kujibiwa kwa kicheko. Katika nchi iliyoonja vita na njaa kama yetu, mtu ana haki ya kuuliza kila franka inakwenda wapi. Lakini kabla ya kutoa hukumu yafaa tujue kwanza kazi ile yaleta matunda gani, na hapo ndipo wengi hushika kipimo kisichofaa, hata wafadhili wenyewe.

Kipimo kinachopendwa kuliko vyote ni hesabu ya wanyama waliookolewa. Chama hutangaza kwamba mwaka huu kimepokea wanyama kadha wa kadha, hutia na picha ya kitoto cha sokwe kikinyonya chupa, na moyo wa msomaji hulainika. Hesabu yaweza kuwa ya kweli kabisa. Lakini mwalimu yeyote aliyesahihisha madaftari ajua kwamba mwanafunzi aweza kupata jibu sahihi la swali ambalo hakuulizwa.

Tazameni maisha ya sokwe yalivyo. Jike huchukua mimba miezi minane hivi, huzaa mtoto mmoja, humnyonyesha miaka minne au mitano, wala hazai tena kabla ya kupita miaka mitano hivi. Mtoto huyo hashikwi mkononi kama kifaranga: mama hamwachi ila amekufa, na wenzake katika kundi mara nyingi hufa pamoja naye kwa kumtetea. Kwa hiyo kila mtoto aingiaye katika nyumba ya yatima nyuma yake mna maiti moja, au mbili, au zaidi, na msitu umepotezewa vizazi ambavyo hautavirudisha upesi. Nyumba ikijaa, mtu asikimbilie kupiga makofi. Pengine msitu umepungua kwa kadiri ile ile.

Pengine, nasema, kwa maana jambo lenyewe lina upande wa pili. Nchi yetu, ilipoitwa Zaire, ilijiunga mwaka 1976 na Mkataba wa Washington uzuiao biashara ya wanyama walio katika hatari ya kwisha. Sheria tuliyo nayo sasa juu ya kuhifadhi viumbe, namba 14/003, ilitolewa tarehe 11 Februari 2014. Sheria hizo zingebaki karatasi kama pasingekuwa na mahali pa kuwapeleka wanyama. Askari amkutapo mtoto wa sokwe amefungwa kamba katika ua wa tajiri fulani, atampeleka wapi? Kituo cha polisi hakina kizimba wala maziwa. Atafunga macho aende zake, na mwenye ua atajua kwamba sheria haina meno. Pakiwa na nyumba ya yatima, hakimu aweza kuandika amri, na mnyama akachukuliwa siku ile ile. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida kubwa ya nyumba hizi, kupita hata faida ya mnyama mwenyewe. Lakini kama ndivyo, basi katika taarifa ya mwaka nataka kusoma habari za watu pia, si za wanyama tu: kati ya waliokutwa na wanyama hao, wangapi walifikishwa mbele ya hakimu, na wangapi walirudi nyumbani kwao wakicheka? Taarifa nyingi zasimulia kwa urefu tabia na jina la kila sokwe, na juu ya mwuzaji wake hazina hata mstari.

Jambo jingine la kuchungua ni namna mnyama alivyopatikana. Mtu mwenye huruma, aonapo kitoto kimekonda sokoni, hutaka kutoa fedha akikomboe. Nia njema, lakini mwuzaji haoni huruma, aona mnunuzi. Juma lijalo atarudi msituni na bunduki. Kwa sababu hiyo vyama vyenye akili vyakataa katakata kununua. Ugumu wa kanuni hii ulionekana Lubumbashi, katika makimbilio ya J.A.C.K., yaliyoanzishwa mwaka 2006 na Bw. Franck Chantereau na mkewe Roxane. Mwezi wa Septemba 2022 watu waliingia usiku wakaiba watoto watatu wa sokwe, wakadai fedha nyingi za kuwakomboa, huku wakitisha. Wenye nyumba walikataa kulipa. Msomaji aweza kuona ukatili katika kukataa huko. Lakini fikirini: siku wanapolipa, kila sokwe aliyemo humo amepata bei, na bei hiyo yajulikana mji mzima.

Tuje sasa kwenye gharama. Sokwe anayetunzwa vema aweza kufika miaka hamsini. Anayempokea mtoto wa sokwe leo hachukui mzigo wa mwaka mmoja. Aweka ahadi ambayo huenda mwanawe ndiye atakayeimaliza. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba nyumba ina sokwe 60, na kila mmoja ala kilo 4 kwa siku. Hizo ni kilo 240 kila siku ya Mungu, yaani tani zaidi ya 87 kwa mwaka, mbali na dawa, waya za ua, na mshahara wa mganga wa wanyama. Vyakula hivyo vikinunuliwa kwa akina mama walimao jirani, sehemu ya fedha zile yaingia katika nyumba za watu na kulipa karo ya shule. Vikiletwa kutoka mbali, hapana. Basi mwenye kupima aulize vyanunuliwa wapi.

Tena mfugaji wa mbuzi atashangaa kusikia kwamba katika nyumba hizi kuzaliana si baraka. Majike hupewa dawa ya kuzuia uzazi, kwa sababu kila mtoto azaliwaye kizimbani achukua nafasi ya yatima ambaye bado yuko sokoni. Chama kinachojisifia watoto waliozaliwa ndani ya ua wake kimesahau kilichoanzishwa kwa ajili gani.

Lakini je, hawawezi kurudi msituni? Hilo ndilo tumaini la kila mtu, nalo limetimia mahali pachache. Mama Claudine André, aliyeanza mwaka 1994 kutunza bonobo yatima huko Kinshasa, aliona kundi la kwanza la wanyama wake likirudishwa katika msitu wa Équateur mwaka 2009. Katika Kivu ya Kaskazini kituo cha GRACE, kilichoko Kasugho, kililea gorila yatima miaka mingi. Mwaka 2024 majike wanne waliolelewa huko wakaachiliwa katika mlima Tshiaberimu, ndani ya mbuga ya Virunga, ambapo gorila walikuwa wamebaki wachache mno hata ikahofiwa kwamba watakwisha. Wanne ni hesabu ndogo ya kuchekesha, ukiilinganisha na gharama. Lakini kwa kundi lenye wanyama wasiofika kumi, majike wanne wawezao kuzaa ni mambo makubwa.

Kwa sokwe kazi ni ngumu zaidi. Sokwe wa porini huwashambulia wageni na hata kuwaua. Aliyelelewa na watu aweza kupeleka msituni magonjwa ya watu. Na tena, ni nani atakayemrudisha yatima katika msitu wenye mitego ile ile iliyomfanya kuwa yatima? Kwa hiyo wengi watazeekea uani, na chama cha kweli hakiwafichi wafadhili wake neno hilo.

Hapa yatupasa kutazama gorila wa milimani wa Virunga. Baada ya mauaji ya mwaka 2007, yatima wawili wa kike, Ndakasi na Ndeze, waliokolewa, na baadaye wakapata makao huko Rumangabo, katika kituo cha Senkwekwe. Ndakasi alikufa mwaka 2021, na dunia nzima iliona picha yake mikononi mwa mlinzi aliyemlea. Nani asiyeguswa? Walakini gorila wa milimani, ambao mwaka 2018 ilitangazwa kwamba wamepita elfu moja, hawakuongezeka kwa sababu ya nyumba ya yatima. Waliongezeka kwa sababu ya walinzi watembeao msituni kila siku wakiondoa mitego, wengi wao wakiuawa kazini, na waganga wawafuatao wanyama huko huko waliko. Mwenye fedha kidogo, akitaka kuokoa jamii nzima ya wanyama, na azipeleke kwa walinzi kwanza. Nyumba ya yatima hutibu jeraha; mlinzi huzuia panga. Wafadhili wengi hutoa kinyume cha hivyo, kwa kuwa mlinzi hanyonyi chupa mbele ya picha.

Na watoto wenye njaa, je? Sehemu kubwa ya fedha hizo hutolewa na watu wa mbali wanaopenda wanyama. Milango ya Lwiro ikifungwa kesho, hazitahamia katika zahanati ya kijiji. Jibu hilo ni la kweli, lakini latosha nusu tu. Nusu ya pili ni kazi ya chama chenyewe: jirani akiona mwanawe ameajiriwa, viazi vyake vimenunuliwa, na shule imepata mafundisho juu ya msitu, hatauliza tena kwa uchungu. Mafundisho hayo nayo yasipimwe kwa hesabu ya watoto walioketi na kusikiliza. Yapimwe kwa mitego iliyookotwa msituni mwaka huu na mwaka jana.

Mwezi wa Februari 2025 vita vilifika Kavumu na Bukavu. Katika siku za namna hiyo sokwe hawezi kufunguliwa mlango aambiwe ajitafutie, na mgeni mwenye ndege huwa amekwisha ondoka. Mwenye kuwapa maji ni yule mwenyeji alalaye karibu nao. Kwa hiyo atakayezuru mojawapo ya nyumba hizi, akiisha kupiga picha zake, na aulize maneno matatu ambayo hayamo katika kitabu cha wageni: mishahara ya watunzaji yalipwa kila mwezi? Ghalani mna chakula cha siku ngapi? Na mwanzilishi akifa, ufunguo uko kwa nani?