Injini Iteremkayo Kibwezi

Dereva atokaye Nairobi, mji ulioinuka kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, akishuka kwa barabara ya Mombasa kupitia Emali na Makindu hadi Kibwezi, huenda akakutana na ajabu moja: injini iliyokuwa imetulia alfajiri yaanza kugonga adhuhuri, mithili ya mtu apondaye kokoto, ilhali hakuna kilichobadilika ila hewa.

Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya sita. Basi fundi akipunguza unene wa silinda hedi ili kuongeza mbano, tuseme kutoka nane kwa moja hadi tisa na nusu, wepesi huo humsitiri, mpaka gari lishukie Makueni, ambako shinikizo la hewa limezidi na joto limezidi, na petroli hulipuka kabla ya wakati wake. Kabureta nayo, iliyotiwa jeti za nyanda za juu, hutoa mafuta haba kidogo huku chini, na haba zaidi Mombasa, na uhaba huo huongeza joto juu ya joto.

Wengi hughafilika na kamshafti. Ile ya mashindano huchelewa kufunga valvu ya kuingizia hewa ili silinda ishibe injini izungukapo kwa kasi. Lakini mwendo ukiwa wa taratibu, pistoni ipandapo hurudisha nje baadhi ya hewa iliyokwisha kuingia, mbano halisi ukapungua. Ndiyo sababu kamshafti hiyo hudai mbano mkubwa na kabureta pana. Na atiaye kabureta pana peke yake huambulia hasara, maana hewa ipitayo polepole katika koo pana haina nguvu ya kuyavuta mafuta na kuyafanya ukungu.

Kwa pikapu ipandayo Mbooni na magunia, au ivukayo mchanga wa mito mikavu ya Kitui, kamshafti ya kiwandani ndiyo bora, sina shaka. Hata Peugeot 404, iliyoshinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1963 na tena 1966, 1967 na 1968, ilikuwa gari la familia lenye injini ya sentimita za ujazo 1,618 tu.

Nawe msomaji, fundi akikusifia hedi aliyoichonga, kwanza lijaribu gari Kibwezi, adhuhuri, likiwa na mzigo kamili, kabla hujamlipa.