Tusimngoje Mtoto "Atasema Tu"

"Atasema tu, hata baba yake alichelewa." Mama wa mtoto asiyesema huambiwa hivyo na wifi, na jirani, pengine hata na mhudumu wa zahanati. Nia ni kumliwaza. Lakini kama mtoto ana usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano, kungoja kunamgharimu miaka ambayo ubongo wake hujifunza kwa wepesi zaidi.

Dalili hujitokeza mapema. Mtoto ametimiza mwaka, ukimwita jina hageuki. Mwaka na nusu umefika, hakuonyeshi kwa kidole paka aliyemvutia. Vineno alivyokuwa navyo vinapotea.

Mwaka 1987, Ivar Lovaas, mwanasaikolojia wa Los Angeles, Marekani, alieleza jinsi watoto 19 wenye usonji walivyofundishwa kwa takribani saa 40 kwa wiki, kila jambo likigawanywa hatua ndogondogo na kila hatua ikituzwa. Tisa waliingia darasa la kwanza la kawaida. Hata hivyo, mafunzo yale yalikuwa na kukaripia na hata kupiga, mambo yasiyokubalika leo. Baadaye wanasaikolojia Sally Rogers na Geraldine Dawson walifuata njia ya mchezo na furaha. Katika utafiti wao wa mwaka 2010, watoto walioanza wakiwa na miezi 18 hadi 30 walipanda kwa wastani wa alama 18 hivi katika vipimo vya akili baada ya miaka miwili. Waliopata huduma za kawaida walipanda 7.

Wataalamu wa kazi hiyo ni wachache kwetu, na ada zao ni nzito. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo kwa wazazi wenyewe: vikao tisa vya pamoja na ziara tatu za nyumbani. Darasa ni shughuli za kila siku. Mama akishika kikombe cha uji, anatulia kidogo. Mtoto akimtazama au akinyoosha mkono, papo hapo mama anamwambia "uji" na kumpa. Hamnyimi, anampa nafasi ya kuomba.

Mafunzo hayaondoi usonji, wala hilo si lengo. Lengo ni mtoto aweze kusema anachotaka, kwa neno, ishara au picha. Kliniki tayari zinampima mtoto uzito kila mwezi. Zimuulize mama maswali mawili zaidi: akiitwa anageuka? Anaonyesha kwa kidole? Jibu likiwa hapana, mtoto apimwe masikio, apewe rufaa, na mama aanze kufundishwa mara moja.