Na Mama Naye Aulizwe Hali

Ni desturi yetu njema kwamba mtoto azaliwapo, jamaa na majirani huja kumtazama. Huyu huleta khanga, yule sabuni, na mwingine kuku wa supu. Mtoto hupakatwa na kusifiwa, na kila mtu humtafutia wa kufanana naye. Kisha wageni huaga, na swali moja limesahauliwa: mama mwenyewe yu hali gani? Hatusemi maumivu ya uzazi, maana hayo huulizwa. Twasema moyo wake.

Wapo akina mama ambao baada ya kujifungua hushikwa na huzuni isiyowatoka. Machozi ya siku chache za mwanzo ni jambo la kawaida, nayo hukauka yenyewe. Lakini huzuni ikipita majuma mawili, mama akakosa usingizi hata mtoto alalapo, akachukia chakula, akajiona hafai, akamtazama mwanawe kama mtoto wa mgeni, hayo ni maradhi. Madaktari huyaita sonona. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu wanawake 20 katika kila 100 waliojifungua hupatwa na maradhi ya akili, na yaliyo mengi ni hiyo sonona.

Na sisi husemaje? Husema huyu mvivu, yule ana kiburi, huyu karogwa, yule hampendi mwanawe. Twaona maneno haya ni ukatili, kwa kuwa mama mgonjwa hujiambia hayo hayo usiku kucha, wala hahitaji mtu wa kumsaidia kujilaumu.

Mtoto mchanga hajui maneno, lakini uso aujua. Katika miaka ya 1970, mtaalamu wa Marekani, Edward Tronick, aliwaomba akina mama wazima wa afya wacheze na watoto wao, kisha wawatazame kwa dakika chache tu bila kucheka, kusema wala kubadili uso. Mtoto alitabasamu ili amrudishe mama, akanyosha mikono, akapiga kelele. Alipoona hajibiwi, aligeuza uso na kunyong’onyea. Basi fikirini nyumba ambayo hali hiyo si ya dakika chache, bali ya miezi. Mama mwenye sonona hakuombwa na mtu kuukausha uso wake. Kilio anakisikia, nguvu ya kukiitikia hana. Au hukijibu kwa ukali, kisha akajuta.

Lakini asije mtu akayageuza maneno haya kuwa fimbo ya kumpigia mama. Hakuna mama duniani aitikiaye kila ishara ya mwanawe. Hata aliye mzima hukosea, kisha hutengeneza, na mtoto hujifunza kwamba lililoharibika hutengenezeka. Hatari ni ukimya uendeleao pasipo mtu wa kumsaidia mama.

Je, msaada wapatikana kwa watu wasio na mali? Twapenda wasomaji wetu waijue habari ya Khayelitsha, kitongoji cha watu maskini karibu na Cape Town, Afrika Kusini. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1999 ulionyesha kwamba miezi miwili baada ya kujifungua, zaidi ya theluthi moja ya akina mama waliochunguzwa huko walikuwa na sonona, na waliougua walikuwa wazito zaidi kuwaitikia watoto wao. Baadaye wanawake wa papo hapo, wasio madaktari wala wauguzi, walifundishwa kuwatembelea wenzao majumbani tangu siku za mwisho za mimba. Walimsikiliza mama, wakamwonyesha mambo ambayo mtoto wake aweza kuyafanya. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009: mama waliotembelewa waliwaitikia watoto wao vizuri zaidi. Watoto walipotimiza miezi 18, 74 katika kila 100 walikuwa na tumaini thabiti kwa mama zao, na 63 kwa wale ambao hawakutembelewa hivyo.

Kuhusu maradhi yenyewe, tuwatazame wanawake wa afya wa vijijini Pakistan. Walifundishwa namna ya kuzungumza na mama mwenye sonona, ayaone mawazo yanayomwangusha na kuyapatia mengine yenye kumwinua. Habari zilizotolewa mwaka 2008 zaonyesha kwamba mtoto alipofikia miezi sita, 23 tu katika kila 100 ya mama hao walikuwa wangali wagonjwa. Na kwa waliopata ziara za kawaida tu, walikuwa 53.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Arobaini ya uzazi, ambapo mama hupumzishwa na kuhudumiwa, ni hekima ya zamani. Hasara yetu ni kwamba katika chumba cha kupanga mjini, mama wa mfanyakazi huimaliza peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 iliweka likizo ya uzazi ya siku 84 kwa mama, na siku zisizopungua 3 kwa baba. Ndugu mfanyakazi, siku hizo si za kukaa barazani. Mpakate mtoto mama apate kulala, chota maji, kaa umsikilize, bila kumwambia ajikaze.

Na huzuni isipoondoka, mpeleke kliniki, umweleze muuguzi habari za mama kama umwelezavyo habari za mtoto. Akisema kwamba ataka kufa, au kwamba aogopa kumdhuru mtoto, usimwache peke yake hata kidogo. Mfikishe hospitali siku hiyo hiyo.

Mtakapokwenda kumtazama mtoto wa jirani, ndugu zetu, mpakateni na kumsifu kama desturi. Kisha mrudisheni kitandani, mwe na subira, mkamwulize mama hali yake, na mngoje ajibu.